Uzi: Taarifa ya mtoto aliyedhalilishwa itapanda daladala mpaka lini? Nani alipie mfumo, baraza au wizara?

#1 Mtumbe77

Assalamu alaykum wanajamvi.

Mie ni mjumbe wa kamati ya shehia ya kupambana na udhalilishaji, Kaskazini Pemba. Shehia siitaji kwa ajili ya mtoto mwenyewe.

Wiki iliyopita sheha, kiongozi wa shehia yetu, kanipa bahasha ya kaki niipeleke kwa afisa ustawi wa wilaya. Ndani mna karatasi mbili: maelezo yake kwa kalamu ya buluu, na nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, iliyotolewa kopi juu ya kopi mpaka maandishi yamebaki kivuli. Zimebanwa kwa pini ya ushungi, maana steplaa ya ofisini imekwisha pini. Nikapanda daladala, bahasha nimeipakata mapajani. Kufika, afisa yuko Chake kwenye semina, na mlango umefungwa. Nikarudi nayo. Ikalala kwangu siku mbili chini ya godoro, kwa sababu nna watoto wanaojua kusoma.

Siku mbili hizo mtuhumiwa alikuwa akipita njia ile ile ya skuli.

Polisi wana faili lao. Hospitali ina daftari lake, ustawi wana fomu yao, na sisi wa shehia tuna kaunta buku tuliyoipiga mistari kwa rula. Hakuna anayejua mwenzake anajua nini mpaka mtu apande gari.

Suali langu: mabaraza yetu yanakusanya ada za masoko, leseni za biashara na pesa za taka. Nimekwenda la kwetu kuuliza kama kuna kasma, yaani fungu la bajeti, ya kuziunganisha ofisi hizi kwa njia ya mtandao. Sikuonyeshwa. Je, kwenu ipo? Na kama haipo, kwa nini?

#2 Kijana_wa_Darajani

Waalaykum salaam. Ndugu, mbona unazunguka? Namba 116 ni ya watoto, bure, unapiga hata bila salio. Ungepiga tu, bahasha ya nini?

#3 Mtumbe77

@Kijana_wa_Darajani tulipiga, tena siku ile ile, na walipokea vizuri, Mungu awalipe. Lakini simu inaanzisha jambo tu. Baada ya simu kuna maelezo, kuna PF3, kuna ripoti ya daktari, kuna maoni ya ustawi, na vyote hivyo mwendesha mashtaka anavitaka mezani kwake. Hivyo ndivyo vinavyopanda daladala.

#4 Karani_Mstaafu

Nimefanya kazi serikalini miaka mingi, niruhusuni niyapange haya, maana watu wanayachanganya.

Sheha si mtu wa baraza. Sheha yumo katika Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 8 ya 2014, na mkubwa wake ni Mkuu wa Wilaya. Baraza lina sheria yake, Na. 7 ya mwaka huo huo. Afisa ustawi ni wa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Mwendesha mashtaka ni wa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka Zanzibar. Na polisi wenye dawati la jinsia na watoto ni jambo la Muungano, limeandikwa kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri. Mkubwa wao wa mwisho ni IGP, Mkuu wa Jeshi la Polisi la Tanzania.

Sasa muiteni mkurugenzi wa baraza mumwambie anunue kompyuta aiweke kituo cha polisi. Mkaguzi akija atamuuliza umenunuliaje taasisi isiyokuwa yako? Hata ugatuzi ulipoanza 2017, zilizoshushwa kwa mabaraza ni elimu ya msingi, afya ya msingi na kilimo. Ustawi wa jamii haumo katika hizo tatu. Kwa hiyo si kwamba baraza halitaki. Mlango wa kuitolea pesa hiyo haujatobolewa.

#5 Mwl_Darasa_la_Tatu

Ahsante Karani, umenifungua macho, mie nilidhani sheha analipwa na baraza.

Naongeza yangu. Mwaka juzi nna mtoto darasani, wa miaka minane, mkimya ghafla. Alikuwa akisugua penseli yake kwenye daftari mpaka karatasi inatoboka. Nilipompa daftari jipya akatoboa ukurasa wa kwanza pale pale, mbele yangu. Nikamwita pembeni, akanambia.

Nikamwambia mwalimu mkuu. Akaja mtu wa wilaya, mtoto akaeleza. Siku ya tatu kaja askari wa dawati, mtoto akaeleza tena. Hospitali daktari naye anataka historia, mara ya tatu. Kisha akaja mwengine tena wa ustawi kwa sababu yule wa mwanzo kahamishwa na karatasi zake hazionekani. Mara ya nne mtoto hakusema kitu. Alimtazama yule mama wa watu, akaniuliza mie: "Mwalimu, hawa wengine hukuwaambia?"

Watu wa bajeti wakisema mfumo ni ghali, nataka waniambie bei ya swali lile.

#6 Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Mwalimu, umeniliza.

Vituo vya Mkono kwa Mkono vilianzishwa kwa sababu hiyo hasa. Cha kwanza kiliwekwa Mnazi Mmoja 2011, vikafuata vyengine, na Pemba pia. Daktari, polisi na mshauri wawe pahala pamoja, mtoto aeleze mara moja. Pale panapofanya kazi, panafanya kazi kweli. Nimeona mtoto akaingia saa nne asubuhi na saa saba keshamaliza yote, kala na biskuti.

Ila kuta za kituo zinaishia mlangoni. Akitoka, karatasi zinaanza safari ile ile ya Mtumbe77. Mie mwisho wa mwezi nakaa na daftari la rejesta, nanakili safu moja moja kwenye fomu nyengine ipelekwe juu. Kule polisi wananakili la kwao. Jina la mtoto mimi nimeandika Khadija, polisi Hadija, ustawi Khadja. Anwani: kwangu kijiji cha mama, kwao kijiji alikotendewa. Mtoto mmoja, lakini ukizikusanya karatasi zote unaweza ukahesabu watoto watatu. Au ukakosa hata mmoja, kama kila ofisi ilidhani mwenzake kesha mwandika.

Takwimu ambazo Mtakwimu Mkuu anazitoa kila mwezi zinatokana na yaliyofika polisi. Aliyeishia hospitali au kwa sheha hatumwoni mle.

(Majina niliyotaja ni ya mfano, si ya mgonjwa wangu.)

#7 Kijana_wa_Seva

Salaam. Kazi yangu ni mifumo, na nataka kuondoa hofu ya neno "ghali".

Programu ipo tayari. Primero imetengenezwa kwa usimamizi wa UNICEF na washirika wake kwa kesi za watoto, ni ya chanzo huria, hailipiwi leseni, na nchi nyingi wanaitumia. Serikali ina mamlaka yake ya mtandao, eGAZ. Mkonga wa mtandao unapita. Kwa hiyo tusianze na hadithi ya kununua programu Ulaya.

Hesabu yangu ya haraka, bei ni za kukisia: shehia ni 388 Unguja na Pemba. Kishikwambi cha kawaida laki 4, mara 388, ni shilingi milioni 155.2. Bando la elfu 10 kwa mwezi kwa kila shehia ni kama milioni 46 na nusu kwa mwaka. Ongeza mafunzo, ongeza fundi wawili watatu wa kushughulikia hitilafu. Gawa kwa wilaya 11. Halmashauri yoyote inayojenga vibanda vya soko inaijua pesa ya namna hiyo.

Pesa ya kununua huwa inapatikana. Inayokosekana ni ya mwaka wa tatu: bando limekwisha, kioo kimevunjika, aliyefundishwa kahamishwa. Mradi ushafungwa, na kasma ya kawaida haijafunguliwa.

#8 Fundi_wa_Nguzo

Kijana_wa_Seva umesahau umeme. Vishikwambi vya shehia vitachajiwa wapi, Makangale kule ndani?

#9 Kijana_wa_Seva

Kwani Pemba si tuna umeme wa Tanga tangu enzi?

#10 Fundi_wa_Nguzo

"Enzi" gani, yakhe! Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umewashwa 2010. Kabla ya hapo tulikuwa na majenereta ya Wesha, dizeli ikikosekana giza. Na Unguja msijione, 2008 mlikaa gizani kama mwezi, halafu tena kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu. Najua, kaka yangu alikuwa na friza la samaki Mwanakwerekwe.

Waya wa baharini kufika kisiwani si nguzo kufika kwa sheha. Mfumo wowote uwe unaandika hata mtandao ukikata, na utume wenyewe mtandao ukirudi.

#11 Mama_wa_Friji

Fundi, nakumbuka giza lile. Tuliuza barafu kutoka Dar kama dhahabu 😄

#12 Wakwetu_LA

Mie mzaliwa wa Wete, naishi California miaka kumi na nane. Nawapeni ya huku, mpime wenyewe.

Kaunti ya Los Angeles ina mfumo unaitwa E-SCARS, umeanza 2009. Taarifa ikiingia idara ya watoto, hiyo hiyo inafika kwa polisi wa eneo na kwa mwendesha mashtaka wa kaunti, na kila mmoja anaona mwenzake amefanya nini. Sheria ya jimbo inasema taasisi ziarifiane kwa simu mara moja, na kwa maandishi ndani ya saa 36. Polisi wa huku nao hawana bwana mmoja, miji mingi ina wa kwake, kwa hiyo hoja ya Karani ya mabwana wengi naielewa sana. Haikuwazuia.

Kuhusu pesa: tangu 1979 Katiba ya California ina kipengele kwamba jimbo likiyatwisha mabaraza kazi mpya kwa sheria, jimbo liyarudishie gharama. Ipo na tume maalumu ya kusikiliza madai hayo. Naona hicho ndicho mnachokikosa. Sheria inamtaka kila mtu atoe taarifa, lakini haisemi nani atalipa nauli yake.

Na niseme na la uchungu, nisije nikawauzia pepo. Mei 2013 huku kwetu, mji wa Palmdale, mtoto wa miaka 8 anaitwa Gabriel Fernandez aliuliwa nyumbani kwa mateso. Taarifa juu yake zilikuwa zimetolewa mara nyingi, na mwalimu wake alipiga simu tena na tena. Mfumo ulikuwapo mwaka wa nne. Taarifa zilifika. Waliozipokea hawakumwondoa mtoto.

#13 Mzee_wa_Barazani

Ahsante wa kwetu wa Marekani, la mwisho ndilo nililokuwa nikilisubiri.

Nna miaka 71. Ninyi mnazungumza waya na vishikwambi, na maradhi yetu yanaitwa muhali, kuoneana haya sisi kwa sisi. Chukulia mtuhumiwa ni ami yake mtoto. Ua ni mmoja, kisima kimoja, shamba la mikarafuu halijagawiwa tangu babu afe. Ukimtia ndani, nani anamlisha bibi? Dada yake ataolewa na nani? Watu wanakaa, wanapika wali, wanasomeana Fatiha, linakwisha. Karatasi inachelewa kwa sababu watu wanataka ichelewe. Mletee mtu huyo mtandao wa mwanga, ataukalia.

#14 MsaidiziSheria_Mkoani

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, naona kinyume.

Muhali unataka muda. Bila muda hauna kazi. Niliifuata kesi moja kwa tarehe kwenye shajara yangu. Siku ya kwanza mama wa mtoto kasema kila kitu mbele yangu, analia. Siku ya tano wamekuja wazee na kahawa na haluwa. Siku ya kumi na moja mama kaniambia mtoto alianguka mwembeni. Jalada limefika kwa mwendesha mashtaka wiki ya nne, ndani mna ripoti ya daktari isiyokuwa na muhuri, ikarudishwa. Wiki ya saba mama hakupokea tena simu yangu.

Lau maelezo ya siku ya kwanza yangeingia mahali ambapo hayafutiki, na ustawi na polisi na mwendesha mashtaka wote wakayaona jioni ile, wale wazee wa siku ya tano wangekunywa kahawa yao wenyewe. Serikali imeweka mahakama maalumu za udhalilishaji 2021, jambo jema mno. Lakini hakimu anahukumu kilichofika mezani.

#15 Mzee_wa_Barazani

Marahaba mwanangu. Umesema kweli, na mie niliwahi kuwa mmoja wa wale wa kahawa. Nilikwenda nikidhani naokoa ukoo. Yule mtoto sasa mtu mzima, na anionapo hupita upande wa pili wa njia. Kwa hiyo sisemi haya kwa kutetea.

Ila nakwambia wazee wakijua karatasi inakwenda mbio, watakuja siku ya kwanza badala ya ya tano. Watamwahi mama kabla hajafika kwa sheha.

#16 Mama_wa_Wawili

Jamani, kuna jambo mmelipita juu juu. Nani ataiona hiyo taarifa?

Mie nakaa Magharibi B. Fomu ya mtoto wa jirani yangu ilipigwa picha na mtu wa ofisi fulani, akaitia kwenye grupu la WhatsApp la "kazi". Nia yake njema, alitaka iwahi, maana bahasha zinachelewa kama hivyo mnavyosema. Jioni ile ile mie nimeiona kwenye simu ya muuza urojo. Jina la mtoto, la mama, na alichofanyiwa kwa kila herufi. Watu wanakula na kupeana simu.

Familia ilihama ndani ya mwezi. Kwa hivyo mkiniambia kielektroniki, mwili unanisisimka. Afadhali bahasha ya Mtumbe77 chini ya godoro.

#17 Kijana_wa_Seva

Pole sana kwa jirani yako. Lakini liangalie vizuri: hiyo WhatsApp ndiyo mfumo wetu wa kielektroniki wa sasa. Umeshakuja, umelipiwa na bando la mfanyakazi mwenyewe, bila ulinzi wowote. Mfumo wa kweli unagawa funguo: sheha anaandika tu, harudi kusoma, daktari anaona ya daktari, na kila aliyefungua faili jina lake linabaki na saa yake. Bahasha ya kaki ikifunguliwa njiani nani atajua?

Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

#18 Karani_Mstaafu

@Kijana_wa_Seva hapo subiri kidogo. Sheria hiyo kwa Zanzibar inagusa mambo ya Muungano. Sasa tazama: taarifa ikiwa kwa polisi, imo. Taarifa ile ile ikiwa kwa ustawi au kwenye zahanati yetu, mambo ambayo si ya Muungano, imetoka. Mtoto ni yule yule. Kabla ya kununua kishikwambi kimoja, Baraza la Wawakilishi litupatie kanuni za kushikilia siri hii.

#19 Kijana_wa_Seva

Nimekubali, hilo nililiruka.

#20 Abu_Mabinti

Nasoma kimya kimya. Mie nna mabinti watatu na niseme tu, mfumo uanze haraka tuwalinde watoto wetu wa kike.

#21 Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Na wa kiume, Abu_Mabinti. Naomba hili lisipite. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa 2009 uliwauliza vijana yaliyowapata kabla ya kutimia miaka 18. Kwa Zanzibar, ukatili wa kingono walisema umewapata wasichana kama asilimia 6 na wavulana kama asilimia 9. Wavulana zaidi. Na kwenye rejesta yangu wavulana ni wachache, maana baba anaona aibu kumleta. Kila fomu inayochapishwa ikiwa na picha ya msichana juu yake, huyo baba anazidi kurudi nyumbani.

#22 Abu_Mabinti

Subhanallah. Sikuwa nalijua hilo. Ahsante.

#23 Mwl_Darasa_la_Tatu

Msimu wa karafuu nao mnausahau. Watoto wanahamia makambini kuchuma, utoro unajaa skuli, na mie sijui mtoto yuko kwa nani, analala na nani. Namwandikia "hayupo" kwa wino mwekundu, basi. Rejesta ya skuli nayo ingekuwa na njia ya kumfikia afisa ustawi, siku tano mfululizo hayupo mtoto, mtu aulize.

#24 Mwana_wa_Mikarafuu

Mwalimu, msitutie sote kapu moja. Mie nimesomeshwa na karafuu, nilikuwa nachambua vikonyo usiku na mama yangu kando ya koroboi, na ndio usiku niliopewa hadithi nyingi kuliko wakati wowote. Kambi yenye wazee wake ni salama.

#25 Mwl_Darasa_la_Tatu

Kweli, nisamehe. Nimesema makambi yote. Nasemea zile ambazo mtoto katumwa peke yake na kundi la watu wazima asiowajua.

#26 Kijana_wa_Darajani

Nimerudi. Pale #2 nilisema kwa wepesi, naomba radhi kwa Mtumbe77. Lakini kuna linalonitatiza. Kama mfumo utalipiwa na baraza, mabaraza ya mjini yenye biashara na maduka yatanunua, na Micheweni yenye makusanyo madogo itakuwa ya mwisho. Sasa huko ambako nauli ni kubwa zaidi na afisa yuko mbali zaidi ndiko kutabaki na bahasha. Mie nasema alipe wizara, fungu moja kwa kisiwa kizima.

#27 MsaidiziSheria_Mkoani

Na wizara ikilipa, itategemea mfadhili, kama ilivyozoeleka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, mimi nina marafiki nchi mbili tatu waliofungua kompyuta asubuhi wakakuta kazi haipo. Kesi za watoto zilibaki mle. Pesa ndogo ya baraza inayotoka kila Julai, hata ikiwa ya bando na nauli tu, haifungwi na uchaguzi wa watu wengine.

#28 Karani_Mstaafu

Mnavutana baraza na wizara, na njia ya kati ipo. Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa ndiyo yenye sheha kwa mkono mmoja na baraza kwa mkono wa pili. Itoe waraka: kila baraza litenge kasma ya hifadhi ya mtoto, na maelezo ya kasma yataje "mawasiliano baina ya taasisi". Na yale yenye makusanyo madogo yapewe ruzuku yenye masharti, isiweze kununuliwa mafuta ya gari. Mkaguzi akija, mkurugenzi ana karatasi ya kumwonyesha.

#29 Mzee_wa_Barazani

Karani, waraka nimeuona mwingi katika umri wangu.

#30 Wakwetu_LA

Mzee, hata huku kurudishiwa gharama ni kesi za miaka. Kipengele cha Katiba hakikumfanya mtu alipe kwa furaha. Ila kimempa diwani mahala pa kusimama anapodai.

#31 Mtumbe77

Nimewasoma wote, ahsanteni. Nawapa yaliyojiri.

Bahasha imefika jana. Afisa ustawi alikuwapo, kaipokea vizuri, kachomoa ile pini ya ushungi kanirudishia mkononi. Akasoma, akaandika kwenye daftari lake, akaniuliza: "Na maelezo ya polisi yako wapi?" Nikamwambia yako polisi. Akacheka kwa huzuni, akachukua simu yake, akapiga kwa salio lake. Aliyepokea kasema mwenye faili yuko Chake, mahakamani. Afisa ana wilaya nzima na pikipiki moja, na pikipiki siku ile haikuwa na mafuta. Sikuona mtu mvivu pale. Nimeona mtu ameinamia meza ana mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni, nami nikasimama.

Baada ya hapo nikamfuata diwani wetu. Kanisikiliza, kasema bajeti ya mwaka huu keshapitishwa, niandike barua ya mapendekezo iingie kwenye kamati kabla hawajaanza kupanga ya Julai ijayo. Nimeanza kuiandika. Ya Karani kuhusu maelezo ya kasma nimeyatia kama yalivyo. Na la Muuguzi la majina, niombe nambari moja kwa kila kesi, itembee na mtoto ofisi zote. Hilo halihitaji hata kompyuta, linaweza kuanza na kalamu.

#32 Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Nambari iandikwe na juu ya PF3. Tafadhali usisahau hapo, ndipo sisi tunapoanzia.

#33 Mama_wa_Wawili

Na uandike mtu asipige picha fomu. Kwa herufi kubwa.

Na mtoto je? Hukutuambia.

#34 Mtumbe77

Nitaandika yote mawili.

Mtoto kachukuliwa na bibi yake upande wa Mkoani, alhamdulillahi, mbali na yule mtu. Leo ni siku yake ya pili skuli mpya. Walimu wa kule hawana karatasi yoyote juu yake, ni mwanafunzi mgeni tu kwao. Hapa kwetu hakuna aliyejua nani anapaswa kuwaarifu: sheha anasema ustawi, ustawi wa huku wanasema ustawi wa kule.

Nimetafuta namba ya mwalimu mkuu. Kesho asubuhi nampigia, akinikubalia naenda mwenyewe.